Anza na upepo: jinsi ya kuchagua spreigani ya kupakia vipande vya gari nyumbani

Ukiingia duka la vifaa vya gereji Kariakoo au Gerezani ukasema unatafuta spreigani ya kupakia bampa, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi, kisha atakuwekea mezani tatu au nne zinazong'aa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: kompresa yako inatoa upepo kiasi gani? Bunduki ya rangi haina nguvu yake yenyewe. Inakula upepo wa kompresa, na ikiupata pungufu itatema matone makubwa, hata kama ni ya Kijapani na umeinunua kwa mshahara wa mwezi mzima.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayepaka kipande kimoja kimoja uani kwake: kava la saidi mira, bampa, fenda, rimu, pengine boneti. Gari zima lipeleke gereji yenye chumba cha rangi.

Haya ya upepo niliyajua kwa boneti ya Toyota IST ya shemeji yangu. Rangi yake ilikuwa 1F7, ile silva iliyo kwenye Toyota nyingi zinazotoka Japani. Nilikuwa na kompresa ya tangi la lita 24 na spreigani mpya kubwa, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 1.7, kwa sababu niliamini kubwa inamaliza kazi upesi. Nusu ya kwanza ilitoka vizuri. Nilipofika katikati, mlio wa bunduki ukapoa, mnyunyizo ukawa mwembamba, na rangi ikaanza kutua kama manyunyu ya mvua. Silva ina vipande vidogo vya alumini ndani yake, na vipande hivyo hulala kulingana na ukubwa wa tone. Rangi ikitua nzito na mbichi, vinazama na rangi inaonekana nyeusi zaidi. Ilipokauka, boneti ilikuwa na mawingu upande wa kulia, na kopo lilikuwa tupu. Nilipiga msasa boneti nzima na kununua rangi mara ya pili.

Hatua ya kwanza: pima upepo wako mwenyewe

Usiamini namba iliyobandikwa kwenye kompresa. Kompresa nyingi ndogo za nguvu farasi 2 huandikwa lita 206 kwa dakika, lakini hiyo ni hewa inayovutwa na pistoni kwa hesabu ya karatasi. Inayofika kwenye mpira wa upepo ni kidogo zaidi, na kuipima unahitaji saa ya simu tu.

Punguza upepo wa tangi hadi geji isome chini ya bar 4, funga koki ya kutolea, washa mashine. Geji ikifika 4, anza kuhesabu. Ikifika 6, simamisha. Zidisha lita za tangi kwa 2, maana presha imepanda bar 2, kisha gawanya kwa muda uliotumika. Yangu ilichukua sekunde 24. Lita 24 mara 2 ni lita 48, na lita 48 kwa sekunde 24 ni lita 120 kwa dakika. Kumbuka 206 ya kwenye kibandiko.

Sasa linganisha na bunduki. Kwenye boksi au karatasi yake kuna matumizi ya upepo, ama kwa lita kwa dakika, ama kwa cfm. Cfm moja, yaani futi moja ya ujazo kwa dakika, ni lita 28.3 kwa dakika. Spreigani yangu kubwa ilitaka karibu lita 300 kwa dakika, kompresa inaleta 120, kwa hiyo kila dakika nilikuwa na upungufu wa lita 180. Upungufu huo unafidiwa na akiba ya tangi, na tangi la lita 24 likishuka kutoka bar 8 hadi 3 linatoa lita 120 tu. Piga hesabu: sekunde 40, kisha bunduki inaanza kukosa pumzi. Kava la saidi mira linamalizika ndani ya sekunde 40. Boneti haimaliziki.

Nakusihi ufanye hesabu hii kabla ya kutoa pesa. Inachukua dakika tano.

Ukikuta kompresa yako iko chini ya lita 150 kwa dakika, una njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kununua bunduki ndogo inayokula kidogo. Ya pili ni kuongeza tangi la akiba. Baadhi ya mafundi huunganisha mtungi wa gesi wa zamani, na hilo nalikataa kabisa: mtungi wenye kutu ndani ukipasuka kwa presha unaua. Tangi la kompresa mbovu, ambalo mwili wake ni mzima na valvu yake ya usalama inafanya kazi, ndilo la kutafuta.

Hatua ya pili: jua unachopaka

Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari, penye maandishi C/TR kwa Toyota. Mara nyingi kipo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Namba hiyo itakusaidia hata kuchagua bunduki. Ikiwa ni 040, yaani nyeupe ya kawaida, umebahatika: rangi isiyo na metaliki inasamehe upepo unaoyumba kidogo. Ikiwa ni 1F7 au silva nyingine, unahitaji mnyunyizo usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni 070, nyeupe ya lulu, ina tabaka tatu, na tabaka la lulu linaonyesha kila kosa la mkono. Kwa kazi ya kwanza nyumbani, ningeiacha.

Hatua ya tatu: aina ya bunduki

Zenye kikombe chini hunyonya rangi kwenda juu kwa nguvu ya upepo. Ni imara na kikombe chake ni kikubwa, lakini zinataka presha zaidi na daima zinabakiza rangi chini ya kikombe. Ukiwa umechanganya mililita 200 za rangi ya bei, mabaki hayo yanauma. Kwa nyumbani chukua yenye kikombe juu: rangi inashuka kwa uzito wake, presha ndogo inatosha, na inakwisha hadi tone la mwisho.

Ndani ya hizo zenye kikombe juu kuna makundi matatu utakayoyakuta dukani.

La kwanza ni la kawaida, la mtindo wa zamani. Linapasua rangi vizuri kwa presha ya bar 3 hivi, lakini ukungu mwingi unaruka pembeni. Zaidi ya nusu ya rangi uliyoinunua inaweza kuishia hewani na kwenye ukuta wa jirani. Bunduki nyingi za bei nafuu zenye namba kama W-71 na F-75 ni za kundi hili, na mafundi wetu wanafanya nazo kazi nzuri kila siku.

La pili ni HVLP, herufi zinazomaanisha upepo mwingi kwa presha ndogo. Presha inayotoka kwenye kofia ya upepo, ile ya mbele ya bunduki, haizidi psi 10, yaani bar 0.7 hivi, na angalau asilimia 65 ya rangi inatakiwa ibaki kwenye kipande. Kiwango hicho kilitokana na sheria za hewa safi za kusini mwa California. Rangi inabaki, uani panabaki pasafi. Tatizo ni neno lile la kwanza, upepo mwingi. HVLP ya ukubwa kamili inataka kati ya lita 280 na 430 kwa dakika, na kompresa ya nyumbani haina. Muuzaji akikusifia HVLP bila kuuliza kompresa yako, mwulize yeye.

La tatu ni zile za matumizi madogo ya upepo, zinazoandikwa LVLP au LVMP, pamoja na bunduki ndogo zinazouzwa kama za kufanyia viraka, zenye kikombe cha mililita 125 hadi 250 na nozeli 0.8 hadi 1.0. Nyingi zinaridhika na lita 100 hadi 200 kwa dakika. Mnyunyizo wake ni mwembamba, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Kwa saidi mira, vitasa, kona za bampa na rimu, ndizo zinazofaa kuliko zote. Ukitaka jibu langu bila maelezo: mwenye tangi la lita 24 anunue hii ndogo, mwenye lita 50 na kipimo cha lita 150 kwenda juu anunue LVLP ya nozeli 1.3.

Zile za umeme zisizotumia kompresa, zenye feni yake ndani, ziache kwa milango na kuta. Matone yake ni makubwa mno kwa klia ya gari, lile tabaka la juu lisilo na rangi.

Mambo haya yote yanatoka kwenye kinyunyizio cha dawa ya koo. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, ndiye aliyekitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wake, na mwanawe Thomas akakigeuza kuwa bunduki ya rangi mwaka 1907. Kazi imebaki ileile: upepo unakutana na kimiminika na kukipasua. Upepo dhaifu, matone makubwa.

Hatua ya nne: nozeli

Namba ya nozeli ni kipenyo cha tundu kwa milimita. Ukiacha zile ndogo za viraka, rangi ya msingi ya metaliki inataka 1.2 au 1.3. Klia inataka 1.3 au 1.4. Praima ya kujazia, ile inayotangulia chini ya rangi, ni nzito, inataka 1.6 hadi 1.8. Nozeli kubwa kwenye rangi nyepesi inachuruzisha. Ndogo kwenye praima inaziba, nawe utaanza kuongeza thina hadi praima ipoteze kazi yake.

Kwa hiyo ukiweza, nunua mbili. Moja ya bei ya chini kabisa yenye 1.7 kwa praima tu, kwa sababu praima itapigwa msasa hata ikitoka na vijishimo. Pesa iliyobaki yote iweke kwenye ile ya 1.3, na usiwahi kutia praima ndani yake. Chembe moja ya praima iliyokauka kwenye njia ya rangi itatoka siku unayopaka klia.

Zipo seti zinazouzwa na nozeli tatu kwa mwili mmoja. Ukiichukua hiyo, badilisha vitatu kwa pamoja kila mara: nozeli, sindano inayoiziba na kofia ya upepo. Vimechongwa kwa kulingana. Sindano ya 1.7 kwenye nozeli ya 1.3 haizibi sawasawa.

Hatua ya tano: ikague ukiwa dukani

Hapa usione haya. Muuzaji mwenye mali nzuri atakuacha uifungue.

Toa kofia ya upepo na uitazame kwenye mwanga. Vile vitundu pembeni mwa pembe zake viwe duara, vilingane kushoto na kulia, visiwe na vinundu vya chuma. Kisha fungua nati ya nyuma, toa springi, vuta sindano taratibu. Iviringishe juu ya kioo cha meza ya duka. Ikizunguka kimya na ncha yake haichezi, imenyooka. Ncha ikiinuka na kushuka, rudisha. Nozeli na sindano ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na bahari.

Rudisha vyote, vuta triga polepole. Kuna hatua mbili ndani ya mvuto mmoja: upepo unafunguka kwanza, kisha sindano inarudi nyuma. Utaihisi kwenye kidole. Ikiwa sindano inatangulia, itatema tone kila unapoanza.

Mwisho, omba thina kidogo, weka kwenye kikombe, ning'iniza bunduki dakika tatu bila upepo. Gusa ncha ya nozeli, gusa na pale sindano inapoingilia mwilini. Pawe pakavu. Kabla ya kulipa, uliza kama wanauza mpira wa kuziba na nozeli za kubadilisha za bunduki hiyohiyo. Bunduki isiyo na vipuri ni ya miezi michache.

Vitu vinavyokwenda na bunduki

Mpira wenye tundu la milimita 8 ndani, au 10 ukipata. Ile mipira ya rangi ya chungwa iliyojikunja kama springi, yenye tundu la milimita 5, inanyonga upepo njiani na hesabu yako yote inaharibika. Kama kompresa iko mbali, refusha mpira kuliko kurefusha waya. Waya mwembamba mrefu unashusha umeme na mota inahema.

Kichujio cha maji ni lazima. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa imejaa unyevu. Kompresa ikiikandamiza, maji yanabaki tangini na tone moja likipita kwenye klia linaacha kishimo cha duara kama jicho. Fungua koki ya chini ya tangi kabla ya kazi. Kichujio kifunge mbali na kompresa, mwisho wa mpira, ambako hewa imeshapoa na maji yamejitenga. Na geji ndogo ya presha ifungwe kwenye mkono wa bunduki. Presha ya pale ndiyo inayopaka, na inasomwa triga ikiwa imevutwa.

Kabla hujavuta triga: pua na mapafu yako

Klia na rangi zenye hadna, yaani dawa ya kukaushia unayochanganya nazo, zina kemikali iitwayo isosayaneti. Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Isosayaneti inasababisha pumu, na ukishaipata, kiasi kidogo sana kinatosha kukurudishia shambulio. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, imeeleza kwamba wapiga rangi za magari wana hatari ya pumu karibu mara 80 kuliko wafanyakazi kwa jumla. Pua haiwezi kukuonya, kwa sababu haina harufu kwa kiwango kinachodhuru. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote.

Kinachopendekezwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine. Wengi wetu nyumbani hatuna. Basi fanya hivi: paka mwenyewe praima na rangi ya msingi isiyo na hadna, ukiwa na barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vumbi, miwani na glavu, kisha kipande kipeleke kwa fundi mwenye vifaa akipige klia. Utalipa kidogo na utalala salama. Watoto wasiwe uani, na jiko la mkaa lisiwe karibu. Mvuke wa thina unatambaa chini na unawaka. Kompresa nayo, ambayo swichi yake hutoa cheche, ikae mbali upande upepo unakotokea.

Hatua ya sita: jaribu kwenye boksi

Weka rangi iliyochujwa, changanya thina kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Fungua upana wa mnyunyizo wote, weka presha ya bar 2 kwa HVLP au LVLP kisha rekebisha kwa karatasi yake. Funga skrubu ya rangi, halafu ifungue mizunguko miwili.

Geuza kofia ya upepo ili mnyunyizo ulale, simama sentimeta 15 hadi 20 kutoka kwenye boksi, vuta triga bila kusogeza mkono mpaka rangi ianze kuchuruzika. Tazama michirizi. Ikiwa mirefu sawa upande hadi upande, bunduki ni nzima. Ikiwa upande mmoja umezidi, zungusha kofia nusu duara na urudie. Uzito ukihama upande, uchafu uko kwenye kofia. Ukibaki palepale, uchafu uko kwenye nozeli. Katikati pakiwa pembamba na ncha mbili nzito, presha imezidi au rangi ni kidogo. Katikati pakiwa pazito mno, kinyume chake.

Halafu sogeza mkono, kasi moja, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Anza kuvuta triga kabla ya kufika kwenye kipande na uachie baada ya kukipita. Bampa la plastiki lisisahaulike praima yake maalumu ya plastiki, la sivyo rangi nzuri itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Hapa Dar mimi huanza saa tatu au saa nne asubuhi: umande umeshakauka na upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi.

Ukimaliza, usiweke bunduki chini hata kwa ajili ya kunywa maji. Mwaga mabaki, tia thina kidogo, nyunyizia kwenye kitambaa ndani ya ndoo, rudia hadi thina itoke safi. Fungua kofia, sindano na nozeli, visugue kwa brashi laini. Tundu lililoziba litobolewe kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa waya wala pini. Usiizamishe bunduki nzima kwenye thina usiku kucha, maana mipira ya kuziba inavimba. Paka tone la mafuta pale sindano inapopita, kisha ining'inize ikiwa tupu na triga ikiwa huru. Barakoa ivue baada ya hayo yote, kwa sababu thina ya kusafishia nayo inavutwa na mapafu yaleyale.